Sifuri

Niliinunua Kajaani, duka la misumari na rangi,
kati ya gundi na glavu, kwa yuro kumi na tisa.
Imelala katika sanduku la plastiki
kama uma wa mtoto.
Kaka yangu Urpo akacheka: "Rahisi huvunja upishi."
Nikamjibu, mimi sipiki. Napima.

Watu wa kale walipima kwa miili yao:
shibiri ni kiganja kilichotanuliwa,
dhiraa ni mkono hadi kiwiko,
pima ni mtu mzima aliyekumbatia hewa.
Lakini sehemu ya mia ya milimita,
hiyo utaipimia kiungo gani?
Labda kope. Nimejaribu.
Kope yangu ni nukta sifuri saba.

Kasoro zake nazitaja bila haya.
Ukiizima haizimiki,
usiku kucha inakunywa betri kama mlevi wa siri.
Baridi ya banda ikizidi, tarakimu hufifia.
Kigurudumu cha kidole gumba kinakwaruza.
Hata hivyo kila asubuhi naifumba taya kwa taya,
nabonyeza kitufe, inaniambia
0.00
nami naiamini,
kama unavyomwamini jirani aliyekuamkia vizuri.

Ilikuwa Septemba, wiki ya mawindo.
Maganda ya shaba njano yaliyokwisha kulia mwaka jana
nimeyaosha, nimeyakausha, nimeyapunguza shingo.
Napima, naweka.
Fataki. Baruti kutoka kwenye mizani ndogo. Kichwa.
Mkono wa mashine chini, tk, mkono juu.
Redio inasoma upepo wa maziwa ambayo sijawahi kuyaona.
Risasi hamsini, zimesimama kwenye kasha
kama wanafunzi siku ya picha.

Likabaki ganda moja tupu.
Kwa mchezo tu, kwa kuwa sanduku la marehemu baba lilikuwa karibu,
nikalipima kwa kalipa yake ya chuma,
ile ya mistari, unayoisoma kwa kukodoa jicho.
Hazikupatana.
Nukta mbili nzima.

Ilmo, mwana wa Urpo, miaka kumi na mitatu,
alikuwa amekaa juu ya ndoo akila mkate.
"Shangazi, utajuaje ni ipi inayodanganya?"

Nikatafuta shahidi.
Gololi ya beringi, kutoka kiwanda cha mbao,
milimita kumi kamili, haina undugu na yeyote humu bandani.
Ya baba: kumi.
Yangu: tisa nukta nane.

Nikaifumba, nikaiinua kwenye taa niilaani vizuri kabla ya kuitupa,
nikaona mwanga unapenya kwenye ncha, pasipopaswa.
Huko ndani, pembeni kabisa,
unyuzi wa shaba umebanwa kati ya taya zake.

Asubuhi niliufumbia humo kwa mkono wangu.
Nikabonyeza.
Nikaiambia, sifuri ni hapa.
Nayo, maskini, ikahesabu kwa uaminifu kutwa nzima
kuanzia pale nilipoionyesha.

Maganda hamsini, yote marefu kupita kiasi.
Tukachukua nyundo ya kuchomolea,
moja moja: pigo, pigo, kichwa kinatoka,
baruti inarudi kwenye kopo lake.
Ya thelathini na saba ilikataa hadi nikakaa chini.
Alfajiri ya Jumamosi gari la Urpo lilipita barabarani,
likapunguza mwendo mbele ya banda, likaona taa,
likaenda.
Ilmo hakulalamika. Alikuwa anahesabu.

Tulipomaliza akaichukua ile ya yuro kumi na tisa,
akaipangusa taya kwa pindo la fulana,
akaifumba, akaiinua kwenye balbu, akafumba jicho moja.
Akaifungua. Akaipangusa tena.
Ndipo akabonyeza.

Kisha akaizima.
Nikamwambia atoe na betri.